Kamba, Mawe na Maua

Saa tano usiku, bando la usiku likishaanza, ndipo mwanafunzi wa mwaka wa tatu hukumbuka kwamba ana msimamizi. Ujumbe uliingia hivi: "Shikamoo mwalimu. Samahani kwa usumbufu. Nimepata topiki." Mwenye ujumbe ni kijana wa Rulenge, wilayani Ngara, na yuko kwao likizo. Topiki yenyewe ilikuwa ndefu kama jina la sheria ya bunge, lakini ukiikamua inabaki hivi: jeni za hofu kwa wazee wa Rulenge walioshuhudia ya mwaka 1994. Chini yake aliweka swali, na ndilo lililoniamsha: mashine ya kupimia vinasaba iliyo karibu na Ngara iko wapi, na je, bumu la muhula mmoja litatosha?

Nikajibu marahaba, nikamwambia tuongee asubuhi.

Simcheki. Kijana huyu amesoma madesa yetu akayaelewa, na madesa yetu yanamfundisha kwamba sayansi ya ubongo na tabia huanzia kwenye mashine. Ni somo linalouliza swali la kawaida kabisa: mtu anaposhtuka, anapokumbuka, anapokosa usingizi au anapompiga mwanawe, ndani ya kichwa chake kunatokea nini? Ukilifundisha kwa slaidi ambazo kila picha imetoka New York au Zurich, mwanafunzi wa Rulenge huondoka akiamini kwamba ubongo ni kitu kinachopatikana ng'ambo, na kwao kuna tabia tu. Yangu leo ni kinyume cha hapo. Baadhi ya utafiti wa kumbukumbu na hofu unaotajwa sana duniani umefanyika kwa watu wa ukanda huuhuu wa mto Kagera. Ukiusoma kwa jicho kavu, unakuta sehemu iliyong'aa zaidi ndiyo iliyoyumba, na iliyoonekana ya kienyeji ndiyo iliyosimama.

Tuanze na panya, maana hakuna mtihani usio naye.

Panya anawekwa kwenye kisanduku. Mlio unasikika, kisha sakafu inampiga shoti ndogo ya umeme. Baada ya mara chache mlio peke yake unatosha: panya anaganda, hata sharubu hazitikisiki. Kuanzia miaka ya 1980 Joseph LeDoux na wenzake huko Marekani waliifuata njia ya mlio huo, kutoka sikioni, kupitia talamasi, hadi kwenye amigdala, kifundo chenye umbo la lozi kilichojificha ndani ya ubongo upande wa kushoto na kulia. Amigdala ikiharibiwa, panya hajifunzi tena kuuogopa mlio. Hapo ndipo vitabu vilipoandika kwa herufi nene: amigdala ni makao ya hofu. Na hapo ndipo wanafunzi wetu hufunga daftari.

Wangelifungua tena. Mwaka 2014 LeDoux huyohuyo alichapisha hoja kwamba tumelitumia vibaya neno hofu. Panya hajatuambia kwamba anaogopa. Tunachokiona ni mwili unaojikinga, na mwili unaweza kujikinga bila mwenyewe kuhisi chochote tunachokiita hofu. Nikimweleza hivyo mwanafunzi hukunja uso, kwa sababu kwenye mtihani anataka kuandika "hofu iko kwenye amigdala" na apate alama zake mbili. Nami nampa alama moja. Nyingine naiweka kwa atakayejua kwamba kuganda kwa panya na masimulizi ya mzee asiyelala ni mambo mawili, na kwamba kazi yote ya somo hili iko kwenye pengo lililo katikati yake.

Hofu iliyofundishwa pia haikai palepale ilipofundishwa. Wahenga walishasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Panya aliyezoeshwa mlio mmoja huganda hata kwa mlio unaofanana nao, na mtu aliyekimbia risasi huanguka chini gari likipasua tairi. Lililo gumu ni namna ya kuizima. Ukiurudia mlio mara nyingi bila shoti, panya anaacha kuganda. Amesahau? Pavlov alishaona kwa mbwa wake, miaka mia moja na zaidi iliyopita, kwamba kilichozimwa hurudi chenyewe baada ya mapumziko. Somo la zamani halijafutika. Limewekewa lingine juu yake, na yote mawili yanagombania mwili mmoja.

Kisha mwaka 2000 Karim Nader, akiwa katika maabara ya LeDoux, akatikisa hata hilo. Alimkumbusha panya mlio aliokwisha kujifunza kuuogopa, halafu papo hapo akamdunga kwenye amigdala dawa inayozuia seli kutengeneza protini mpya. Kesho yake hofu ilikuwa imedhoofika. Panya waliodungwa bila kukumbushwa walibaki na hofu yao kamili. Maana yake, kumbukumbu inapoitwa hulegea kwa muda, kisha inabidi iandikwe upya. Majaribio mengine yaliyofuata yamekubali, mengine yamekataa, hasa yalipohamishiwa kwa binadamu. Lakini wazo lenyewe lishikeni, kwa sababu tutalihitaji tukifika Nakivale, Uganda.

Hapa nina kijembe kidogo kwa sisi walimu. Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini tangu mwaka 2000, na baadaye makohozi yenye kifua kikuu. Mwalimu ana kidude mkononi kinacholia "tik", panya akipatia anasikia mlio na anapewa ndizi. Ni Pavlov na Skinner walewale wa vitabuni, tofauti ni kwamba wamekuja na mkungu. Panya mmoja aliyekulia huko, Magawa, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Nimewauliza wanafunzi wa mwaka wa tatu ni wangapi wameshawahi kumwona panya buku akifundishwa. Mkono mmoja ulinyooka, na mwenye mkono ni wa Kihonda.

Sasa turudi Ngara.

Mwishoni mwa Aprili 1994, Rwanda ikiwa katikati ya mauaji ya kimbari, daraja la Rusumo la mpakani lilipitisha watu ambao Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi liliwakadiria kuwa 250,000 ndani ya saa 24. Walitua Benaco, mahali palipobeba jina la kampuni ya ujenzi wa barabara, na kwa muda mfupi wakimbizi wilayani wakawa wengi kuliko wenyeji. Baadaye zikaja kambi nyingine, kwa Warundi pia, ikiwemo Lukole ambayo mwanaanthropolojia Simon Turner ameiandikia kitabu kizima. Rulenge, kwa misheni yake na hospitali yake, haikuwa mtazamaji wa mbali. Watu wa huko wanazungumza lugha ambazo Mnyarwanda na Mrundi wanazisikia bila mkalimani, kwa hiyo waliyoyasikia barabarani na gulioni waliyasikia bila chujio.

Dunia imewahesabu wakimbizi. Wenyeji nao wamehesabiwa, ila na wachumi. Kwa bahati, Kagera ilikuwa tayari ina utafiti wa kaya ulioanza mwaka 1991 kwa sababu ya ukimwi, na kaya zilezile zikafuatwa tena mwaka 2004. Javier Baez aliyachukua matokeo hayo akawalinganisha watoto wa magharibi ya mkoa, upande wa Ngara uliopokea wakimbizi, na wenzao wa mbali zaidi. Watoto waliokuwa wadogo wakati ule waliugua zaidi na kufa zaidi, na walionusurika, miaka kumi baadaye, walikuwa wafupi kwa wastani wa sentimita 1.8 na walikuwa nyuma kidogo kwa masomo na kusoma. Nilipomtajia mwanafunzi wangu tarakimu hiyo, alikaa kimya kwenye simu. Yeye ni kitinda mimba. Kaka yake mkubwa ni wa mwaka 1992.

Ila angalieni tusiruke. Sentimita si seli za neva. Utafiti ule haukupima ubongo wa mtoto hata mmoja. Ulipima urefu na madarasa. Kati ya wingi wa watu, malaria, kuhara, chakula kilichopanda bei na mama asiyelala, kipi kilifika kwenye ubongo na kwa njia gani, hilo ni swali halali ambalo halijibiwi kwa futi kamba. Nalisema kwa sababu siku hizi ni kawaida kusikia kwenye semina kwamba "vita vimebadilisha ubongo wa kizazi kizima", na msemaji hana picha moja ya ubongo wa mtu yeyote wa huku.

Waliokuja karibu zaidi na jibu walikwenda Nakivale. Ni makazi ya wakimbizi katika wilaya ya Isingiro, Uganda, ng'ambo ya mto Kagera ukitokea upande wetu, na yalikuwa yakipokea Wanyarwanda tangu kabla ya uhuru. Katika miaka ya 2000 wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, akina Thomas Elbert, Frank Neuner, Maggie Schauer na Iris-Tatjana Kolassa, walifanya kazi humo. Kazi hiyo ilizaa matawi mawili.

Tawi la kwanza ndilo lililomvuta mwanafunzi wangu. Watafiti walichukua mate ya wakimbizi, wakashirikiana na watafiti wa Uswisi, akina Dominique de Quervain na Andreas Papassotiropoulos, wakatafuta jeni. Mwaka 2007 walichapisha kwamba aina fulani ya jeni iitwayo ADRA2B, inayohusika na mfumo wa adrenalini, inaendana na kumbukumbu kali za matukio ya kutisha, kwa vijana wa Uswisi na kwa manusura wa Rwanda vilevile. Mwaka 2010 ikaja jeni ya COMT, kwa manusura 424. Mwaka 2012 ikaja PRKCA, kwa manusura 347. Majarida makubwa ya sayansi yalizichapisha, na ukizisoma unaona kazi iliyopangwa kwa akili.

Tatizo halikuwa kwao peke yao, lilikuwa la zama zile. Njia ya kuchagua jeni moja unayoishuku na kuitafuta kwa watu mia chache ilikuwa ndiyo mtindo, na ukitafuta kwa watu wachache, bahati nasibu hukupa majibu yanayofanana sana na ukweli. Mwaka 2013 Katherine Button na wenzake walipiga hesabu ya tafiti za sayansi ya neva kwa jumla, wakakuta uwezo wa utafiti wa kawaida kunasa kitu kilichopo kweli ni kama asilimia 21. Ni sawa na mvuvi anayetupa wavu wenye matundu mara tano, akapata samaki mara moja, kisha akatangaza ziwa lina samaki wa aina hiyo tu. Mwaka 2019 Richard Border na timu yake walizichukua jeni 18 zilizokuwa zikisifiwa kwa ugonjwa wa sonona, wakazipima kwa makundi yenye hadi mamia ya maelfu ya watu. Hazikufanya vizuri kuliko jeni zilizookotwa ovyo. Utafiti wa kizazi kipya kuhusu msongo unaofuata kiwewe, uliochapishwa mwaka 2024, ulitumia watu zaidi ya milioni 1.2 na kukuta maeneo 95 kwenye vinasaba, kila moja likiwa na mchango mdogo kama chembe ya ulezi. Sehemu kubwa ya watu hao wana asili ya Ulaya.

Sasa mtazame kijana wangu na bumu lake. Rulenge na vitongoji vyake atapata wazee wangapi? Sitini? Mia? Kwa mate ya wazee mia moja hawezi kujibu swali ambalo mia nne hawakulitosha. Angeandika ripoti, angepata hata A, na tusingejua kitu chochote. Isitoshe, mzee aliyetoa mate yake angebaki akidhani amepimwa ugonjwa.

Tawi la pili halihitaji mashine. Linahitaji kamba.

Unailaza kamba chini, kwenye sakafu au chini ya mti. Mwanzo wake ni kuzaliwa kwako, sehemu iliyobaki imeviringishwa mwishoni kwa sababu maisha hayajaisha. Kisha unaweka mawe na maua. Ua ni jambo jema: ubatizo, harusi, mtoto, ng'ombe wa kwanza. Jiwe ni tukio lililokuvunja, na ukubwa wa jiwe unauchagua mwenyewe. Kamba ikikamilika, mshauri anakaa nawe vikao kadhaa, mnapita jiwe kwa jiwe. Ukifika kwenye jiwe kubwa mwendo unapunguzwa. Ulisikia nini? Ulinusa nini? Moyo ulikuwaje wakati ule, na sasa hivi unavyosema unakuwaje? Mshauri anaandika, na kikao kinachofuata anakusomea ulichosema, unarekebisha. Mwishoni unaondoka na maisha yako yameandikwa kwenye karatasi. Njia hii ilibuniwa na Schauer, Neuner na Elbert.

Nyuma yake kuna nadharia ya ubongo, tena yenye mantiki. Kumbukumbu ya kutisha inahifadhiwa sehemu mbili. Moja ni ya moto: sauti, harufu, jasho, mapigo, na hapo amigdala ina kazi kubwa. Nyingine ni ya baridi: ilikuwa lini, wapi, kabla ya nini na baada ya nini, na hapo hipokampasi, sehemu nyingine ya ubongo, ndiye karani. Mwenye kiwewe ana moto mwingi na baridi kidogo. Tukio halina tarehe, kwa hiyo kila linapoguswa linatokea sasa hivi. Kusimulia polepole, huku mwili ukiwa salama, kunalirudisha tukio kwenye kamba, mahali pake, nyuma. Hapo ndipo mbwa wa Pavlov na panya wa Nader wanapoingia: somo jipya juu ya lile la zamani, au la zamani kulegea na kuandikwa upya.

Matokeo ya Nakivale yalichapishwa mwaka 2008. Wakimbizi 277, Wanyarwanda na Wasomali, waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilipata usimulizi wa kamba, la pili ushauri wa kawaida wa kiwewe, la tatu lilifuatiliwa tu. Washauri hawakuwa madaktari. Walikuwa wakimbizi wenzao waliofundishwa kwa wiki chache, na kila mgonjwa wa makundi mawili ya kwanza alipangiwa vikao sita. Baada ya miezi sita, waliokuwa hawana tena dalili za kutosha kuitwa wagonjwa walikuwa karibu asilimia 70 katika kundi la kamba, 65 katika ushauri wa kawaida, na 37 kwa wasiopata kitu.

Msomaji wa haraka husema: kamba imeshinda. Ninyi msisome haraka. Sabini na sitini na tano ni jirani wa ukuta mmoja. Kitakwimu hazikutofautiana, ingawa kundi la kamba lilikuwa na wachache walioacha njiani. Kwa hiyo utafiti ule ulithibitisha kwa nguvu kwamba mkimbizi aliyefundishwa vizuri anaweza kumsaidia mkimbizi mwenzake, jambo ambalo hospitali nyingi hazikuliamini. Haukuthibitisha kwamba nadharia ya moto na baridi ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Tiba ikifaulu, maelezo yake bado yanadai ushahidi wake yenyewe. Dawa nyingi za bibi zetu zinatibu kwa sababu ambazo bibi hakuzitaja.

Jambo lingine lililosimama imara lilitoka kaskazini mwa Uganda, kwa timu hiyohiyo, mwaka 2004. Waliwahoji wakimbizi na wenyeji wa West Nile zaidi ya 3,000 na kuhesabu aina za matukio mabaya ambayo kila mmoja ameyapitia. Waliopitia matatu au pungufu, asilimia 23 walikuwa na msongo wa kiwewe. Kadiri matukio yalivyoongezeka, asilimia ilipanda. Waliopitia 28 na zaidi, wote walikuwa nao. Wote, asilimia 100. Maana yake ni kwamba hakuna moyo wa chuma. Kuna mzigo ambao haujafika ukomo. Hesabu hiyo ya mzigo imerudiwa mahali pengi na imeendelea kujitokeza. Haikuhitaji tone la mate.

Ndiyo maana nilimwambia kijana: weka jeni kabatini, anza na tabia. Alinijibu kwa adabu, lakini nilisikia amevunjika moyo. "Mwalimu, sasa hiyo si itakuwa saikolojia ya kawaida tu?" Hili ni swali zuri, na kosa letu walimu ndilo limelizaa. Ubongo hauwi ubongo zaidi kwa kuwa umepigwa picha. Aliyegundua kwamba kilichozimwa hurudi hakuwa na mashine ya picha. Alikuwa na mbwa, mate na saa. Ukipima tabia ovyo, hata ukiwa na mashine ya mabilioni utakuwa unatafuta kwenye ubongo kitu ambacho hukukipata kwenye mtu.

Na kupima tabia Rulenge ni kazi ya kitaalamu hasa. Fomu za kimataifa zinauliza kuhusu ndoto mbaya, kukwepa, kushtuka. Ng'ambo ya mto, baada ya 1994, watu walikuwa na neno lao, ihahamuka, ambalo ndani yake mna pumzi kukatika, mapafu kukosa hewa. Watafiti waliomsikiliza mgonjwa, akina Athanase Hagengimana na Devon Hinton, walionyesha kwamba kwa Mnyarwanda kukosa pumzi ni kitovu cha hali yenyewe, wakati fomu inakuweka pembeni au haikuulizi kabisa. Muulize mzee wa Rulenge kwa Kiswahili cha fomu "je, unakwepa mambo yanayokukumbusha tukio?" atakutazama. Muulize kwa lugha yake anapita njia gani kwenda gulioni, na kwa nini hapiti ile fupi. Tofauti ya maswali hayo mawili ndiyo tasnifu.

Lipo pia jambo ambalo wasomaji wengine watasema halihusiani, la viboko. Tobias Hecker na Katharin Hermenau, nao wa mkondo wa Konstanz, waliwahoji wanafunzi 409 wa shule ya msingi hapa Tanzania. Asilimia 95 walishapigwa na mwalimu angalau mara moja, na hali nyumbani ilikuwa hivyohivyo. Waliopigwa zaidi walikuwa na ukorofi zaidi. Baadaye, na Mabula Nkuba wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam, walijaribu mafunzo ya walimu katika sekondari za umma, na matokeo ya mwaka 2018 yalionyesha viboko vikipungua. Timu hizi zimefanya kazi pia kwenye kambi za Warundi magharibi mwa nchi, familia 226, baba, mama na mtoto, zikifuatilia jinsi mzigo wa mzazi unavyomfikia mwana kupitia mkono wa mzazi. Kuna wanaotafuta njia hiyo ya urithi kwenye alama za kikemikali juu ya jeni, na sampuli zao bado ni ndogo. Fimbo inaonekana kwa macho. Mimi ningeanza na fimbo.

Na kwa yule asiyetaka kabisa kuachana na seli na jeni, ninayo anwani, tena ya karibu. Mwaka 2011 Sadiq Yusuf, Lucia Prieto-Godino na Tom Baden walianzisha kozi ya sayansi ya neva huko Ishaka, Uganda, kwenye kampasi ya magharibi ya Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, na mnyama waliyemchagua ni inzi mdogo wa matunda. Inzi huyu mnamjua. Ndiye anayezunguka juu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi na kwenye pombe ya ndizi ikianza kuchacha. Asili yake ni Afrika hiihii, chakula chake ni maganda, na kizazi chake kinakamilika ndani ya wiki mbili hivi. Kwa inzi huyo Seymour Benzer na wanafunzi wake walipata, katika miaka ya 1970, jeni ya kwanza ambayo ikiharibika humfanya mnyama ashindwe kujifunza, na kwa inzi huyohuyo Hall, Rosbash na Young walipata Nobeli mwaka 2017 kwa saa ya mwili. Mkoa wenye ndizi kama Kagera kukosa maabara hata moja ya inzi wa matunda ni sawa na Unguja kukosa duka la karafuu.

Kijana hakuchukua inzi. Alichukua kamba. Tulikubaliana asihoji wagonjwa, maana hajafundishwa kutibu, na kufungua jiwe la mtu kisha ukapanda basi la Ngara ni ukatili. Atajaribu kwanza jambo dogo: wenyeji wa Rulenge wanaipangaje kamba yao, na mwaka 1994 wanaupa jiwe la ukubwa gani. Aandike fomu, aijaribu kwa ndugu zake wawili watatu, kisha anirudie na kibali cha maadili kabla ya kumgusa mtu mwingine.

Jumapili iliyopita alinipigia, mchana safari hii. Alikuwa amemkalisha bibi yake nyuma ya nyumba, kivulini, na kamba ya kufungia mbuzi. Alimweleza vizuri, mwanzo ni kuzaliwa, huku ni sasa. Bibi akauliza kama kamba atarudishiwa, kwa sababu mbuzi ameachwa bila kufungwa. Halafu akachagua jiwe, kubwa kuliko yote aliyoletewa, akaliweka karibu kabisa na mwanzo wa kamba. Mjukuu akasogeza kidole kwenye fomu hadi 1994. Bibi akatikisa kichwa. Akasema hapo ni Muyenzi, walipokuja Wanyarwanda wale wa kwanza, yeye akiwa msichana wa kuchota maji, miaka ileile ya uhuru. Alisimulia hadi jua likahama, na mbuzi akala nusu ya maharage ya jirani.

"Mwalimu," kijana akaniuliza, "fomu yangu inaanzia 1990. Sasa nifanyeje?"